MOTO ULIKUWA NDANI YA UKUTA



Karatasi hii haikukufikia kwa bahati tu. Labda umepewa mkutanoni, labda umeiokota stendi, labda umefungiwa maandazi. Vyovyote iwavyo, isome mpaka mwisho. Usiitupe. Nina neno moja tu la kukuambia, nalo laweza kukuokoa.

Kabla sijaokoka nilikuwa mtu wa vibanda vya video. Tulikaa kwenye mabenchi, tumebanana, na bwana mmoja anatutafsiria kwa Kiswahili huku anaongeza chumvi yake. Siku moja wakaweka sinema ya zamani ya Kimarekani, jina lake The Towering Inferno. Ilitoka mwaka 1974. Ni sinema ya ghorofa refu linaloungua moto. Wenzangu walipiga kelele na makofi. Mimi nilitoka pale usiku nikiwa kimya, nikatembea mpaka nyumbani sisemi na mtu. Nitakuambia kwa nini.

Utaniuliza, "Mtumishi wa Mungu, sasa unahubiri sinema?" Ndugu yangu, hata Bwana Yesu alihubiri habari ya mnara. Kule Siloamu mnara uliwaangukia watu kumi na wanane wakafa. Yesu aliichukua akaifanya fundisho (Luka 13:4-5). Sasa sikiliza.

JENGO ZURI, WAYA MBAYA

Katika sinema ile kuna jengo la ghorofa 138 katika jiji la San Francisco. Linaitwa refu kuliko yote duniani. Linang'aa kwa vioo. Ni siku ya uzinduzi. Meya yupo, seneta yupo, wanawake wamevaa magauni ya thamani, vinywaji vinamiminwa. Sherehe iko juu kabisa, ghorofa ya 135, na wageni wako kama mia tatu.

Lakini ndani ya kuta kuna siri. Mkwe wa mwenye jengo ndiye aliyepewa kazi ya umeme. Mzee alitaka gharama zipungue, na mkwe naye akapunguza. Msanifu wa jengo alikuwa ameagiza waya wa kiwango cha juu na kinga yake. Yule kijana akaweka wa bei nafuu. Nani ataona? Ukuta umeshapigwa plasta, rangi imepakwa, zulia limetandikwa!

Basi mchana, kabla mgeni wa kwanza hajashuka kwenye gari, walipojaribu mitambo ya umeme, waya zikapata moto. Cheche zikaangukia chumba cha stoo ghorofa ya 81. Pale kwenye stoo, mlango umefungwa, moto ukaanza kula taratibu. Juu watu wanacheza muziki, chini moto unakula.

Ndugu yangu, hebu simama hapo. Moto haukuletwa na adui kutoka nje. Haukuletwa na radi. Moto ulikuwa ndani ya ukuta tangu siku waya ule ulipowekwa.

Na wewe je? Kwa nje u mzuri. Suti umepiga pasi, watu wanakuita mheshimiwa, kanisani unakaa viti vya mbele. Lakini ndani ya ukuta kuna nini? Kuna mtoto ulimkana? Kuna fedha ya kikundi ulikula? Kuna kiwanja cha yatima ulichukua kwa karatasi za uongo? Watu wanaona rangi, Mungu anaona waya. Soma Luka 12:2-3, uone kwamba hakuna lililofunikwa ambalo halitafunuliwa.

Msanifu alipomkabili yule mkwe, unajua alijibu nini? Alijitetea kwamba kanuni za jiji zimetimizwa. Eti sheria haijavunjwa! Wako wengi namna hiyo. "Mimi sijaua, sijaiba benki, sijakamatwa na polisi." Ndugu, sheria ya jiji si kipimo cha jengo refu namna ile. Na sheria ya wanadamu si kipimo cha mbinguni. Yakobo 2:10 yatufundisha kwamba ukikosa katika neno moja umekosa katika yote. Waya mmoja tu ukiungua, jengo zima limeungua.

SHEREHE IKAENDELEA

Msanifu akapiga simu juu. Akamwambia mwenye jengo kuna moto ghorofa ya 81, toa watu. Yule mzee akaona aibu kuharibu sherehe. Akasema moyoni, moto uko chini huko, sisi tuko juu huku, utatufikia wapi?

Hapo ndipo watu wengi wanapofia. Wanasikia onyo, hawalikatai, wanaliahirisha. "Nitaokoka nikimaliza kujenga. Nitaokoka nikishaoa. Wacha kwanza watoto wamalize shule." Siku za Lutu watu walikula na kunywa, walinunua na kuuza, walipanda na kujenga, mpaka siku ile moto uliposhuka (Luka 17:28-29). Kula si dhambi. Kujenga si dhambi. Dhambi ni kuendelea na sherehe ukiwa umeshaambiwa kuna moto.

Kulikuwa na bwana mwingine katika jengo lile, mkubwa wa idara ya uhusiano wa umma. Yeye alijifungia ofisini na mwanamke, sekretari wake. Simu akaifunga ili wasisumbuliwe. Walipoanza kusikia moshi, njia ya kutokea ilikuwa imeshakuwa tanuru. Yule bwana akajifunika kitambaa kibichi kichwani akakimbilia motoni, akafa. Na yule mwanamke akafa. Kijana, dada, ninyi mnaozima simu mtu wa Mungu asiwapate, mliosema kwa miezi mitatu "mwambie sipo", neno hili ni lenu. Simu uliyoizima ndiyo ingekuokoa!

USIPANDE LIFTI

Hofu ilipoingia, watu walikatazwa kutumia lifti. Kundi moja likasukumana likaingia kwa nguvu. Wanaona lifti ndiyo njia ya haraka. Mlango ukafungwa, wakashuka. Lifti ikasimama yenyewe ghorofa ile ile inayoungua, mlango ukafunguka mbele ya moto.

Mithali 14:12 yatuonya juu ya njia inayoonekana sawa machoni pa mtu, na mwisho wake ni mauti. Lifti za siku hizi ni nyingi. Mganga wa kienyeji ni lifti: utapata cheo upesi, lakini mlango unafunguka wapi? Chupa ni lifti. Kujinyonga ni lifti, ndugu yangu uliyekata tamaa, usiipande! Hata dini bila toba ni lifti. Unaingia na watu wengi, mnaimba pamoja, na hamjui mlango utafunguka ghorofa gani.

HAYA SI MAMBO YA SINEMA TU

Usiseme ni michezo ya Wazungu. Mwaka ule ule wa 1974, tarehe 1 Februari, kabla sinema ile haijatoka, jengo la Joelma la ghorofa 25 katika jiji la São Paulo, Brazil, liliungua. Moto ulianzia kwenye hitilafu ya umeme ya mashine ya kupooza hewa, ghorofa ya 12. Zaidi ya watu 170 walikufa. Na kuna jambo moja la kuhuzunisha sana. Miaka miwili nyuma, Februari 1972, jengo lingine la jiji lile lile liitwalo Andraus lilikuwa limeungua, na watu mamia waliokimbilia juu ya paa waliokolewa kwa helikopta. Basi safari hii wengi nao wakakimbilia paani wakingoja helikopta. Zikaja, zikashindwa kutua kwa moshi na joto. Watu wakafia pale wakitazama juu.

Mpendwa, mlango uliomfungukia jirani yako jana si ahadi kwamba utakufungukia wewe kesho. Usiseme, "Fulani alitubu kitandani akifa, na mimi nitafanya hivyo." Siku ya wokovu ni leo.

Tarehe 14 Juni 2017, huko London, jengo la Grenfell la ghorofa 24 liliungua usiku. Moto ulianzia kwenye jokofu la nyumba moja ghorofa ya nne. Jengo lile lilikuwa limevishwa ganda jipya kwa nje, na ganda lile ndilo lililoshika moto mpaka juu. Watu 72 walikufa. Baadhi ya wakazi walikuwa wameshaonya kabla juu ya hatari ya moto, hawakusikilizwa. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2024 ilisema vifo vyote vingeweza kuepukika.

Na sisi tusijione tuko mbali. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, Dar es Salaam, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka. Zaidi ya watu 30 walikufa.

Sasa ninyi wahubiri wenzangu, tuwe waangalifu. Wale waliokufa hawakuwa wenye dhambi kuliko sisi. Ndivyo alivyofundisha Yesu juu ya wale wa Siloamu. Hakusema walistahili. Alitugeukia sisi tulio hai akasema tutubu. Mtoto aliyekufa amelala Grenfell hakuweka ganda lile. Mara nyingi dhambi ya mmoja inaunguza mwingine. Hilo ndilo lililonitoa kwenye kibanda cha video nikiwa kimya.

WAYA WANGU MIMI

Nitakuambia sasa. Elimu yangu ni darasa la saba. Kabla ya kozi ya Biblia nilikuwa msaidizi wa fundi umeme. Tulipewa kazi ya nyumba ya mama mmoja mjane, nyumba ya vyumba vingi ya kupangisha wanafunzi. Mama yule alitoa fedha ya waya wa mbili na nusu kwa ajili ya soketi. Fundi wangu akaniambia, "Weka wa moja na nusu, chenji tutagawana." Nikaweka. Kwa mkono wangu huu unaoandika. Sehemu yangu nilinunua viatu na simu.

Usiku ule nilipoona sinema, nilimtazama yule mkwe wa tajiri nikajiona mimi. Mwisho wake alisukuma watu ili atoke kwanza kwa kiti cha kamba, wakapigana, kamba ikakatika, akaanguka. Mimi nikasema, Ee Mungu, huyu ni mimi.

Lakini sikufanya kitu. Miaka miwili! Nikaja kuokoka mkutanoni, nikalia, nikabatizwa kwa maji mengi, nikaimba kwaya. Kila nikifunga macho kuomba naona ukuta. Nikakemea nikidhani ni pepo. Halikuwa pepo, ndugu yangu. Alikuwa ni Roho Mtakatifu. Mithali 28:13 yatufundisha kwamba afichaye dhambi zake hafanikiwi, bali anayeziungama na kuziacha ndiye anayepata rehema. Mimi niliungama kwa Mungu tu. Sikumwambia mama.

Siku moja nikaenda. Nikamkuta anachambua mchele. Nikasema, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba mwanangu." Nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu, mkono uko kwenye ungo. Hakunitukana. Akaniuliza neno moja tu: "Unajua watoto wa watu wangapi wanalala humu?"

Nikauza ile simu, nikauza na baiskeli. Nikafanya vibarua. Wiki tano nilichimba kuta zile mwenyewe na kuweka waya unaostahili. Nilipofungua soketi ya chumba wanachopigia pasi, nikakuta ganda la waya limeyeyuka, jeusi, na boksi la ndani limeanza kuungua. Sikuimba haleluya. Nilikaa chini sakafuni, miguu haina nguvu. Nikamwita mama aje aone. Akatazama, akanishika bega, akaondoka bila kusema neno.

Zakayo aliposhuka mtini alisema atarudisha mara nne, na Yesu akasema wokovu umefika nyumbani mwake (Luka 19:8-9). Hatuokolewi kwa kurudisha, tunaokolewa kwa damu. Lakini aliyeokolewa hulala vipi na waya wa wizi ukutani?

MAJI KUTOKA JUU

Turudi kwenye jengo. Ngazi zimeharibika, lifti zimekufa, kamba imekatika. Moto unapanda. Watu wa ghorofa ya 135 hawana la kufanya. Fedha zao zipo, vyeo vyao vipo, havizimi hata cheche moja.

Njia ilikuwa moja tu. Juu kabisa ya jengo kulikuwa na matangi makubwa ya maji. Mkuu wa zimamoto alikuwa ameshatoka nje, yuko salama. Akakubali kurudi. Akashushwa kwa helikopta juu ya jengo linaloungua, hana uhakika wa kutoka. Yeye na msanifu wakatega baruti kwenye matangi. Watu wakaambiwa wajifunge kwenye nguzo na vitu visivyong'oka, maana maji yakija yatabeba kila kilicholegea. Matangi yakapasuka, maji yakashuka kwa nguvu, moto ukazimwa.

Haleluya! Wokovu haukutoka ghorofa ya chini. Haukutoka kwa wageni wenyewe. Ulitoka juu.

Mwanadamu alitaka kupanda mwenyewe mpaka juu, akachoma matofali kule Babeli ajifanyie jina (Mwanzo 11:4). Hakufika. Lakini yuko mmoja aliyekuwa juu, mahali salama, akakubali kushuka kwenye jengo linaloungua. Tarehe 11 Septemba 2001, minara miwili ya New York ilipopigwa na ndege, watu walikuwa wakishuka ngazi kukimbia, na wazima moto walikuwa wakipanda ngazi zile zile kuwafuata waliobaki. Wazima moto 343 wa jiji lile walikufa siku ile. Mimi nikifikiri habari hiyo nashindwa kusema. Lakini nakuambia, Yesu Kristo alikuja akijua kabisa kwamba hatatoka bila kufa. Na alikufa si kwa ajili ya watu wema tu. Alikufa kwa ajili ya yule aliyeweka waya mbaya (Warumi 5:8). Kisha siku ya tatu akafufuka!

Basi jifunge kwake. Usijifunge kwenye meza ya sherehe, itabebwa. Usijifunge kwa mchungaji wala kwa mimi, sisi nasi tunahitaji nguzo. Jifunge kwa Yesu.

UFANYE NINI SASA?

1. Taja waya wako kwa jina. Usiseme "nisamehe makosa yangu yote" ukapita. Sema ni nini.

2. Tubu mbele za Mungu leo, kabla ya kulala.

3. Kama kuna mtu anayelala juu ya waya wako, nenda kamwambie. Anza kurekebisha. Ukiogopa, nenda na ndugu mmoja aliyeokoka.

4. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, ufundishwe Neno.

Kama uko tayari, omba hivi kwa sauti:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimepaka rangi juu ya ukuta wangu, lakini wewe unaona ndani. Leo nataja dhambi niliyoificha, ndiyo hii ___. Naamini ulishuka ukafa kwa ajili yangu, ukafufuka. Nioshe kwa damu yako. Nipe ujasiri wa kwenda kwa niliyemkosea. Nifunge kwako nisichukuliwe. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Kama umeomba kwa moyo, Bwana amekupokea. Usikae na siri hii peke yako, mwambie mtu leo. Na ukimaliza kusoma, usichane karatasi hii. Mpe fundi, mpe bosi, mpe jirani yako wa ukuta mmoja. Huenda moto umeshaanza kwake na hajanusa moshi.

Mungu akubariki.